Maneno Mawili ya Musyimi

"Huyu Wakio wako ataolewa na simu?" Nthambi, jirani wa Mbololo, alimuuliza siku moja Priscilla, mama yake Wakio. Msichana alikuwa opereta wa posta ya Voi, na kutwa nzima alikuwa akiunganisha mazungumzo ya watu wengine.

Mungu naye ana mipango yake. Mwisho wa mwezi mmoja, posta imejaa mpaka mlangoni, akaingia kijana amevaa shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, akaomba laini ya Nairobi. Alikuwa Musyimi, karani wa kupima mvua. Kila asubuhi alipiga simu kupeleka kipimo Nairobi, mara nyingi sifuri, na Wakio aliijua sauti yake kabla hajauona uso.

"Kumbe Bwana Sifuri ndiye wewe."

"Niombee mvua, dada, nibadilishe jina."

Wakapendana. Musyimi akaahidi kwamba wazee wake wangepanda Mbololo kuposa baada ya mavuno.

Oktoba ya mwaka themanini na tatu, Priscilla alikuwa amebakiza madebe mawili ya mbegu za mahindi. Akamtuma bintiye amuulize mtu wake: apande zote, au aweke moja? Wakio akapiga simu. Barua ya tahadhari ilikuwa mezani mbele ya Musyimi, lakini wakubwa walikuwa hawajaipiga muhuri, na kutangaza kabla ya muhuri ni kupoteza kazi. Akakohoa kidogo.

"Wanasema mvua itakuwaje?" Wakio akauliza.

"Wastani, mpenzi."

Kule Mbololo, mvua ya wastani ni ya katikati: haileti mafuriko, haileti njaa. Priscilla akapanda zote.

Novemba, mahindi yamekauka yakiwa ya kufika goti, chifu akasoma barua barazani: mvua itakuwa chini ya wastani, watu wasimalize mbegu. Akasoma na tarehe. Wakio akahesabu siku: barua ilitangulia simu yake.

Kesho yake asubuhi aliingia ofisini kwa Musyimi na gauni lake la kazi. Kiti alichovutiwa hakukikalia.

"Nilipokupigia, barua ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Na maneno mawili, 'chini ya', uliyaacha wapi?"

"Ningefukuzwa, Wakio. Bila kazi ningekuja kwenu kama nani? Nilifanya kwa ajili yetu."

"Mama alikuuliza wewe. Hakuuliza serikali."

Musyimi akasema angeleta mbegu nyingine.

"Za kupanda kwa mvua gani?"

Musyimi akasema, kwa sauti ya chini, kwamba wazee wake wako tayari kuja Jumamosi, hata bila mavuno. Wakio aseme tu kama waje.

"Wasipande Mbololo," Wakio akasema. Akajifunga kitambaa chake kichwani, akatoka.