Mke wa Bwana Pruett

Bwana Hollis Pruett alimwandikia Clemencia Bellot, dereva teksi wa kisiwani, barua pepe kumi na moja kabla meli yake ya watalii haijafika bandari ya Roseau. Hakutaka ziara za meli. Huko, alisema, watu hupakiwa kwenye basi, huhesabiwa, na hurudishwa wote. Yeye alitaka kujipangia siku yake: saa tatu atoke gatini, saa nne chemchemi za moto za Wotten Waven, saa saba chakula, saa tisa arudi. "Tutakuwa wawili," aliandika. Lakini chakula aliagiza cha mtu mmoja.

Clemencia hakuuliza. Tangu mto ulipomchukua mumewe, Alwin, kwenye kile kimbunga miaka miwili nyuma, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi. Aliendesha teksi, akapika, akalala. Hata swali la mwisho la yule mzee halikumshtua. Alitaka kujua kama ni kweli watu wa kisiwani, wakitoka makaburini, huingia nyumbani kinyumenyume.

"Kweli," alimjibu. "Mzuka hufuata mgongo."

Siku yenyewe mzee alishuka peke yake. Alifungua mlango wa nyuma wa teksi, akasubiri kidogo, akaufunga taratibu, kisha akaja kukaa mbele.

"Na mwenzako?"

"Twende tu, mama."

Fitzroy, dereva mwenzake, akapaza sauti: "Clemencia! Leo umepata babu, akuoe kabisa!"

"Kafie mbele, Fitzroy."

Barabara ilipoanza kupanda ikaja harufu, ya dawa za hospitali na maua yaliyolowa majini siku nyingi. Clemencia akatazama kioo cha juu. Hakukuwa na mtu, ila kiti cha nyuma kilikuwa kimebonyea, na kila kona ya mlima lile bonyeo lilisogea, kushoto, kulia, kama mtu anayejizuia asianguke.

Mwili ulipaswa kumtetemeka. Haukutetemeka.

"Ni nani?" alinong'ona.

"Lorraine. Mke wangu." Mzee hakugeuka. "Alifariki mwezi wa tatu, lakini hajatoka nyumbani. Analala upande wake uleule. Ananipumulia shingoni."

"Kwa hiyo umemleta umwache kwetu."

"Nisamehe, mama."

Walipofika Wotten Waven, mzee alifungua tena ule mlango, akatembea hadi penye mvuke mzito unaonuka mayai viza, akasema maneno ambayo Clemencia hakuyasikia, kisha akaanza kurudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, mikono ikipapasa hewa nyuma yake, macho hayabanduki kwenye kitu kilichosimama ndani ya mvuke, mpaka kisogo chake kikagonga gari na akajitupa ndani akilia kama mtoto: "Endesha! Endesha sasa!"

Clemencia akageuza gari, akaondoka.

Saa saba mzee alikula samaki na magimbi, akaongeza, akalamba vidole. Saa tisa alipanda ngazi ya meli kinyumenyume, walinzi wakimcheka.

Ndipo ile harufu ikarudi garini. Mzee hakumpa mkewe mgongo hata mara moja. Aliyempa mgongo ni Clemencia, alipogeuza gari.

Fitzroy alikuja amejaa mzaha mdomoni, akafika dirishani, akanywea. "Dada... nani huyo nyuma?"

"Mgeni."

"Mgeni gani! Nenda kwa mganga, Ma Philo, akutoe kitu hicho! Leo hii, Clemencia!"

"Jumamosi," alisema.

Jumamosi ikapita, na nyingine. Abiria walipanda, wakakunja pua, wakashuka mapema. Clemencia aliendesha tu.

Wiki ya sita ikaja barua pepe. Nyumba imekuwa kimya mno, aliandika Bwana Pruett, hapati usingizi. Amekata tiketi ya meli ya Novemba. Anakuja kumchukua Lorraine.

Clemencia aliisoma kwa sauti ndani ya gari, kwenye jua kali la adhuhuri. Kitu baridi kikampitia shingoni, mikono miwili ikamzunguka kifua kutoka nyuma, polepole, ikamkumbatia kama ambavyo hakuna aliyemkumbatia tangu Alwin, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili moyo wa Clemencia ukaruka kwa hofu, ukadunda hadi masikioni, akataka kupiga kelele.

"Mwambie," alisema mwanamke sikioni mwake, kwa upole, "gari limejaa."

Vidole vya Clemencia vikaanza kuandika jibu.