Siku Mwanaarusi Alipokataa Kusema "Njema"

Kila asubuhi, kabla umande haujakauka, Mwanaarusi alipanda dungu, jukwaa la miti katikati ya shamba la mpunga la baba yake, akashika kombeo na kuanza ugomvi wake na ndege. Ndege walikuwa maelfu, naye alikuwa peke yake, msichana wa miaka kumi na miwili. Lakini kwa jinsi alivyowafokea, ungedhani wao ndio wachache. Shamba lilikuwa Kulesa, ukingoni mwa Mto Tana. Ilikuwa miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa, na habari za dunia zilifika Kulesa kwa mtumbwi.

Asubuhi moja aliuona mtumbwi wa baba yake, Komora, ukirudi kutoka Kipini alikopeleka mahindi. Aliruka chini, akakimbia hadi ukingoni.

"Shikamoo, baba! Habari za Kipini?"

"Marahaba, mwanangu. Njema," alijibu Komora, akakohoa kidogo.

Kulesa, na hata ng'ambo ya mto kwa wafugaji wa Kiorma, salamu ilikuwa na sheria zake. Ukiulizwa habari, unajibu njema. Umevunjika mguu? Njema. Simba kala ndama wako? Njema. Mabaya yote yalingoja mpaka mtu akae, anywe maji na ale, ndipo aseme, "Habari ni njema, ila..." Mtoto aliyeitanguliza hiyo "ila" alifinywa sikio.

Basi Komora akakaa. Majirani wakaja kumpa mkono, wa kwanza akiwa Bi Kibibi, kikongwe aliyependa kumtania Mwanaarusi na kumwita mke mwenzake. Kata moja ya maji ikazunguka kinywa hadi kinywa. Wakala sinia moja. Walipokwisha kunawa, Komora akasema, "Habari ni njema, ila huko pwani watu wanakohoa. Wanasema meli ya moshi ilileta abiria kutoka nchi za mbali, wakashuka na homa ya kifua. Akikohoa mmoja leo, kesho kutwa ni nyumba nzima. Hata mimi kifua..." Kikohozi kikamkatiza.

Siku ya tatu Komora hakuweza kuinuka. Siku ya tano mama yake Mwanaarusi naye alilala. Wiki haijaisha, nusu ya Kulesa ilikuwa inakohoa, na Bi Kibibi alikuwa amezikwa. Wakati huo hakuna aliyelijua neno virusi. Lakini Mwanaarusi alikuwa na macho na akili, na msichana huyo alivitumia vizuri. Aliwakumbuka wagonjwa wa kwanza mmoja mmoja: wote walikunywa kwa kata ile ile. Tangu hapo kila mgonjwa wake alikuwa na kifuu chake cha kunywea. Alipika uji, aliteka maji, alifua matandiko, na usiku alilala nje, barazani. Ilikuwa kazi ya watu wazima watatu, naye hakunung'unika.

Siku ya kumi akasikia wito kutoka ng'ambo. Alikuwa Guracha, mfugaji wa mbuga za Garsen, rafiki wa Komora tangu ujana wao. Yeye huleta maziwa na samli, naye Komora humpa mahindi na ndizi. Safari hii alikuja na mkewe, Asli, na Asli alibeba kitoto kifuani. Walikuwa wamemngojea mtoto huyo miaka tisa. Alikuwa amekwisha kutimiza siku arubaini, na Guracha alikuwa ameahidi kwamba nyumba ya kwanza kumpeleka itakuwa ya Komora.

Mtumbwi ulikuwa upande wa Kulesa, na mto ulikuwa umejaa. Ukingoni palikuwa na Mwanaarusi na mzee wa kijiji, Dhadho, ambaye homa ilikuwa haijamgusa.

"Nenda kawavushe," alisema Mzee Dhadho. "Na ujibu salamu vizuri. Habari ya ugonjwa nitawaeleza mimi, wakishakaa."

"Babu, wakishakaa si watakuwa wameshavuta pumzi zetu? Na yule mtoto?"

"Unataka wafugaji waseme Kulesa hatuna adabu? Nenda!"

Mwanaarusi akashika upondo, akausukuma mtumbwi. Alipofika karibu na kati ya mto aliuchomeka upondo matopeni, akasimama.

"Nagaa?" aliita Guracha kwa lugha ya kwao. Maana yake, amani ipo? Jibu lake ni "nagaa", na hakuna aliyepata kusikia jibu jingine.

Mwanaarusi aliushikilia upondo. Guracha akikasirika, urafiki wa miaka yote hiyo ungevunjika kwa ajili ya ulimi wake, na baba yake alikuwa kitandani, hawezi hata kuutetea. Guracha akaita mara ya pili. Asli akasogea majini, na mkono mdogo ukachungulia kwenye nguo yake.

"Hakuna nagaa!" Mwanaarusi alipaza sauti. "Habari si njema! Baba ni mgonjwa, mama ni mgonjwa, Bi Kibibi amekufa. Kijiji kizima kinakohoa. Msivuke! Mrudisheni mtoto!"

"Binti," alisema Guracha, na uso umemkunjamana, "mimi nimekusalimu."

"Nimesikia, baba. Sina njema ya kukupa."

Asli alimfunika mtoto na kurudi nyuma upesi. Guracha akachukua vibuyu vyake vya maziwa, akaenda zake bila kuaga. Kutoka ukingo wa Kulesa, Mwanaarusi alimsikia Mzee Dhadho akisema, "Umetuaibisha." Aliinama ndani ya mtumbwi, akalia sana.

Siku tatu ng'ambo hapakuonekana mtu. Siku ya nne, vibuyu viwili vya maziwa vilikuwa vinaning'inia kwenye tawi upande wa pili, na Guracha amesimama mbali na mkuki wake. Alivionyesha kwa kidole, akaondoka. Mwanaarusi alivuka, akachukua maziwa, akaacha kikapu cha mahindi. Ikawa hivyo kila baada ya siku mbili, watu wasikaribiane. Komora alikunywa maziwa yale mpaka akaweza kukaa, kisha akasimama, na mkewe vilevile.

Ulipopita mwezi mzima bila mtu kukohoa, Mzee Dhadho mwenyewe ndiye aliyemwambia Mwanaarusi akawavushe wageni. Asli alishuka mtumbwini, na kabla hajamsalimu mtu yeyote alimweka mtoto mikononi mwa Mwanaarusi. Mtoto alikuwa amenenepa, na alimkamata msichana pua akakataa kuiachia.

"Siku ile nilikasirika mpaka jua likatua," alisema Guracha. "Baadaye nikapata habari. Kuna kambi ya ndugu zetu huko chini. Wao walitembelea kijiji kingine, wakajibiwa njema, wakakaa, wakala. Wamezika watu watano. Kwangu mimi hajakohoa hata mmoja."

Mzee Dhadho aliinamisha kichwa. "Mimi ndiye niliyemwambia ajibu njema," alisema. "Nisamehe, Guracha. Nawe nisamehe, mjukuu wangu."

Komora alikuwa bado amekonda, lakini sauti yake ilikuwa imerudi. Aliwaita watoto wote wa Kulesa wasogee.

"Sikilizeni," alisema. "Adabu si kupamba maneno. Adabu ni kumtakia mwenzako uzima. Mkitoka penye maradhi, au mkijisikia vibaya, semeni kabla hamjampa mtu mkono. Kaeni kando, na msinywe chombo kimoja na wengine, hata mkiitwa washenzi. Mimi nilitoka Kipini nikijua. Nikasema njema, nikampa Bi Kibibi mkono. Mwanangu alikosa adabu mara moja tu, na mtoto huyu yuko hai."

Guracha akamshika Komora bega.