Maziwa ya Kambo Henriette

Kila asubuhi kabla ya shule, Gaëlle alikuwa na kazi tatu. Alichota maji bombani, akakoroga uji wa mahindi, kisha akashika kikombe. Kazi hiyo ya tatu ndiyo iliyomuumiza moyo.

Gaëlle alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliishi Panda, mjini Likasi, na baba yake Stanislas, fundi wa mitambo. Mwezi mmoja uliopita mama yake, Simone, alijifungua mtoto wa kiume aliyeitwa Banza. Kesho yake alifariki kwa kutokwa na damu nyingi. Bibi yao mzaa mama, Kambo Henriette, alihama kutoka mtaa wa Kikula na godoro lake ili awalee. "Kambo" ndivyo watu wa huko wanavyowaita babu na bibi zao.

Baada ya msiba, muuguzi wa kituo cha afya, Mama Mayimuna, alimshauri Kambo amnyonyeshe Banza yeye mwenyewe. Majirani, ambao midomo yao haina likizo, walicheka sana. Mwanamke wa miaka arobaini na minane atatoa wapi maziwa? Lakini muuguzi hakuwa akitania. Alibandika mpira mwembamba kwenye titi la Kambo, na ncha ya pili akaitia katika kikombe cha maziwa ya kopo. Banza aliponyonya titi lile kavu, maziwa ya kikombe yalipanda mpirani hadi mdomoni mwake.

"Mara nane kwa siku, hata kumi," Mama Mayimuna alisema. "Hata akichoka, hata akilia, mumurudishe."

Basi Gaëlle alishika kikombe. Banza alivuta kidogo, akachoka, akaliachia titi na kulia mpaka uso ukawa mwekundu. Gaëlle hakuweza kuvumilia kilio kile. Mara ya mwisho alipomwona mama yake, pale hospitalini, mama alimshika mkono akamwambia, "Gaëlle, usimuache mudogo yako analia."

Alitaka kutii. Kambo alipokuwa akifua nguo nyuma ya nyumba, Gaëlle alikoroga maji ya sukari, akayatia katika biberoni, chupa ya kunyonyeshea, iliyonunuliwa na mama yake kabla ya kujifungua, akampa mtoto. Banza alinyamaza na kulala. Kesho yake alifanya hivyo tena, na kesho kutwa, mara mbili, mara tatu kwa siku. Hakumwambia mtu.

Jumamosi walikwenda kumpima Banza uzito. Mama Mayimuna aliangalia mizani, akamtoa mtoto, akamweka tena.

"Ameshuka," alisema. "Juma lililopita alikuwa na kilo tatu na gramu mia mbili. Leo mbili na mia tisa. Mama Henriette, munamuweka kwa ziba, kwa titi, mara ngapi?"

"Mara nane, mama. Lakini iko nalala tu, iko nakataa." Kambo alifunika uso kwa kitambaa chake. "Ni minye njo niko mubaya. Mwili yangu ilizeeka. Maziba haitakuya."

Muuguzi aliandika uzito katika kadi ya mtoto. Kisha akasema kwamba mtoto akizidi kushuka hadi Jumatano, itabidi apelekwe kwa masista wanaolea yatima katika mji mwingine.

Kambo alianza kulia kwa sauti. Gaëlle alikuwa amemzika mama, na sasa angempoteza Banza pia. Tena bibi yake alikuwa akijilaumu kwa kosa ambalo si lake.

"Kambo, hapana weye," alisema Gaëlle. "Ni minye. Niko namupatia maji ya sukari mu biberon, wakati uko nafua. Mama alisema nisimuache analia."

Hakuna aliyemgombeza, na hilo lilimliza zaidi. Mama Mayimuna alimvuta karibu, akamweleza taratibu. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya haragwe. Mtoto anapovuta titi, habari hufika ubongoni, na tezi hiyo hutoa homoni iitwayo prolaktini, inayoyaamuru matiti yatengeneze maziwa. Hata mwanamke ambaye hakuzaa mtoto huyo anaweza kupata maziwa, kama titi linavutwa mara nyingi. Homoni hiyohiyo hufanya kazi ndani ya ubongo pia, ikimsaidia mlezi kutulia na kumtunza mtoto. Banza akishiba maji ya sukari, havuti. Asipovuta, amri haitolewi. Na maji yale hayamjengi mwili.

"Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua," alimalizia. "Leo hukuficha. Sasa tunajua dawa."

Kuanzia siku hiyo biberoni haikutumika tena. Banza alilia, wakamrudisha titini, akalia, wakamrudisha. Gaëlle alishika kikombe huku machozi yakimtoka, lakini alishika. Jumatano mizani ilipanda gramu hamsini, na Mama Mayimuna hakutaja tena masista.

Siku ya kumi na mbili, mchana, Banza alikuwa akinyonya na kikombe kimekwisha, lakini alizidi kumeza. Gaëlle alitoa mpira. Mtoto aliendelea kumeza. Alipoachia, tone jeupe lilitiririka juu ya tumbo la Kambo.

Kambo aliliangalia kwa muda mrefu, kisha akaanza kulia.

"Simone njo alinyonyaka hapa wa kwanza," alisema. "Alikuwa analuma na meno, ule mutoto."

Gaëlle alimwegemea. "Kambo, unisamehe."

"Nilikwisha kukusamehe. Lakini usikie, mutoto wangu. Aibu ya kusema kweli inakaa siku moja tu, inapita. Kama ulinyamaza kule kwa muganga, kwa Mama Mayimuna, leo tungekuwa na makaburi mbili."

Gaëlle alimfuta Banza mdomo, akamgeuza upande wa titi la pili.