Kiti cha Bwana Harusi

Duka la dawa la Mtaa wa Lamar, mjini Memphis, lilifurika watu Jumamosi ile. Verlene Tisdale, kofia mpya ya zambarau kichwani, aligeuka kwenye foleni akakutana uso kwa uso na Otha Grissom, suti ya kahawia, viatu vinang'aa. Miaka ishirini iliyopita, mwanamume huyu alimwacha ameshika maua mbele ya mchungaji.

"Verlene. Bado mzuri hivyo?"

"Na wewe bado mwongo. Unaumwa nini?"

"Moyo. Hausukumi damu vizuri. Wamenipa vidonge vya kutanua mishipa, dawa mbili ndani ya kimoja. Kichwa kinanigonga kama kuna seremala ndani."

"Kitatulia baada ya wiki chache. Hata mimi navimeza. Usiache."

Alisema kwa upole, maana alishajua atakachomfanyia. Angemlegeza kwa mapenzi, akubali ndoa, kisha amwache amesimama peke yake mbele ya kanisa zima.

Kazi haikuwa ngumu. Kila adhuhuri Otha alipiga simu: "Umemeza cha mchana, kipenzi?" Akamletea kambare wa kukaanga bila chumvi, chakula kibaya kuliko vyote Memphis, akaketi akala naye mpaka mwisho. Verlene alicheka, kisha akajikasirikia kwa kucheka. Alipochumbiwa alisema ndiyo bila kupepesa jicho.

Wiki ya harusi simu ikalia.

"Bibiye, jiandae. Kinyozi wangu kanipa kile kidonge cha buluu cha wanaume. Jumamosi nakimeza kabla sijatoka nyumbani."

Verlene angenyamaza tu, kisasi kingekamilika na hakuna ambaye angejua.

"Otha, kitupe chooni. Sasa hivi, nisikie maji."

"Unanivunja moyo, mama."

"Huo moyo ndio ninaousema. Kikikutana na dawa yetu, presha inaanguka na huamki tena. Daktari hakukuuliza?"

"Aliniuliza. Nikaona haya, nikamwambia mambo hayo nilishayaacha."

Maji yakasikika. Verlene akashusha pumzi.

"Basi ujue. Nilipanga nisije kanisani."

"Najua. Dada yako aliniambia hujashona gauni."

"Na bado ungekuja?"

"Ningekuja nisimame. Ilikuwa zamu yangu."

Jumamosi kwaya iliimba, ikarudia, ikaishiwa nyimbo. Ndani ya gari lililoegeshwa nje, Verlene aliketi katika gauni la kuazima, akiwaza jinsi watu walivyokuwa wakinong'ona, na kila mnong'ono ulimkolea utamu.

"Twende basi," dada yake akasema.

"Bado. Aonje. Wewe tangulia, umpelekee kiti. Dawa ile ukisimama sana inaleta kizunguzungu."

"Si unamwadhibu?"

"Nimesema aaibike, sikusema aanguke. Mwambie nakuja. Lini, usimwambie."