Mzee Kakao Yuko Safarini

Yalizidi maneno matatu. Mwalimu Fortunatus alirudisha rekodi nyuma, akasikiliza tena, kisha akavua hedifoni na kuzitazama. Sauti ile ya marehemu Mzee Hezroni aliiunga mwenyewe, kutoka vipande vya zamani vya tamthilia yake: "Nipo salama. Nitarudi. Msalimie mama yako." Basi, hakuweka kingine. Sasa sauti ileile, kwa upole uleule, ilikuwa inaongeza: "Subira, njoo unipokee."

"Nimechoka tu," akajiambia. Lakini chumba kizima kilinuka kakao inayochachuka, na msimu wa kakao ulikuwa umekwisha.

Tusimwonee, Fortunatus hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwalimu wa sekondari, kahamishiwa Kyela kutoka Bukoba, na tamthilia aliyoirusha mtandaoni kila Jumapili ilipendwa hadi Mbeya. Watu walimfuata Mzee Kakao, mkulima mkali mwenye kofia ya pama, aliyeigizwa na Hezroni wa Talatala. Binti wa Mzee Kakao, Subira, aliigizwa na Atupele, binti wa kumzaa wa Hezroni. Hezroni alipofariki kwa presha, ilifaa Mzee Kakao naye afe kwenye tamthilia, watu walie, yaishe. Lakini watazamaji je? Fortunatus akaandika kwamba Mzee Kakao kavuka kwenda Malawi kuuza mzigo, na kila Jumapili anampigia Subira simu. Akili nyingi hizo! Mtu kazikwa, nyie kila wiki mnaahidi atarudi.

Kuna jambo jingine walilolisahau. Enzi za uhai wake, kila walipomaliza kurekodi, Hezroni alivua ile kofia, akamgeukia binti yake na kumsalimu Kinyakyusa: "Ugonile, Atupele?"

"Ndaga, tata," binti alijibu, ndipo wakaondoka.

Wenzao walikuwa wanacheka. Mtu na mwanawe wameshinda pamoja tangu asubuhi, salamu ya nini? "Namrudisha mwanangu," mzee aliwajibu. "Siendi nyumbani na Subira mimi." Alipokufa, hakuna aliyeiendeleza salamu ile.

Simu ya kuigizia ilikuwa mbovu, haina betri wala laini. Atupele aliiweka kwenye mkoba pamoja na kitenge cha Subira. Jumatatu saa saba mchana, yeye na mama yake wakipepeta mchele barazani, mkoba ukaita.

"Usipokee," mama alinong'ona.

Atupele alishapokea.

"Subira." Harufu ya kakao ikajaa baraza yote. "Nimefika ufukweni. Mizigo ni mizito. Njoo."

"Ni baba!" Atupele alisema, machozi yanamtoka. "Mama, ni baba!"

Jumatano mchungaji alikuja kuomba. Katikati ya maombi simu ikaita ndani ya kabati lililofungwa kwa kufuli, naye akasema amina kabla ya wakati wake. Alhamisi Atupele akajifunga kitenge cha Subira, akapanda bodaboda hadi Matema, na yule dereva, aliyemwona akiingia ziwani mchana kweupe huku anaongea na simu, maji yakimfika magotini, kiunoni, kifuani, wala hapunguzi mwendo, akamkimbilia na nguo zake zote, akamkumbatia na kumvuta, na baadaye akaapa mbele ya watu kwamba upande wa pili kulikuwa na kitu kinavuta pia.

Siku hiyohiyo Mama Atupele alimfuata Fortunatus shuleni.

"Mwalimu, yule si mume wangu. Mume wangu hajawahi kumwita mtoto wangu Subira nje ya kamera, hata siku moja. Mmeacha kofia haina kichwa, jini limeivaa. Sasa linamtaka mwanae."

"Tufanyeje, mama?" Fortunatus aliuliza kwa sauti ya chini. Hata yeye siku hizo hakuwasha kompyuta mpaka mlango uwe wazi.

"Mzikeni Mzee Kakao. Wangu nilishamzika. Udongo wa kweli, na Subira autupe kwa mkono wake. Mkimaliza, kabla hamjatoka pale, mvueni kile kitenge, umsalimie kwa jina lake kama baba yake alivyokuwa anamsalimia. Nakuomba mwalimu, mtoto ninaye mmoja tu. Usisahau."

"Nitasahauje, mama?"

Walimzika Jumamosi kwenye shamba la kakao huko Busale, jeneza tupu lenye kofia na simu ndani, na kamba zilipoanza kushuka simu ikaita humo, ikaita na kuita, kisha bila mtu kuipokea ile sauti ikasema chini ya mbao, "Subira, hapa ni wapi, mbona giza, Subira, njoo," na waigizaji waliokuwa wanalia kwa kuigiza wakaanza kulia kweli, mmoja akakimbia, Atupele akabaki ukingoni anatupa udongo, konzi kwa konzi, mpaka sauti ikafifia, ikazama, na harufu ikakatika.

Fortunatus alifungua mdomo ili asalimie. Ndipo mvua ikashuka, ile ya Kyela isiyobisha hodi.

"Kamera! Funikeni kamera!" akapiga kelele, na wote wakatimka.

Mama Atupele alikuwa amepika. Lameck, mpiga picha, alimshusha binti getini kwa pikipiki. "Yamekwisha, mama!" akaita kwa furaha, akageuza na kuondoka.

"Asante Yesu," mama alisema. Lakini binti alisimama mlangoni, kitenge cha Subira kinachuruzika maji, haingii.

"Ugonile, Atupele?"

Binti akageuka nyuma, kuangalia ni nani anayeitwa.

"Atupele! Mwanangu!"

Binti bado anatazama nyuma. Mama hakutaka kulisema lile jina jingine. Lilimtoka lenyewe, kwa mnong'ono.

"Subira?"

"Abee," binti aliitika upesi, uso ukamchangamka. Akapiga goti kwa adabu. "Shikamoo, mama. Samahani, hapa ni kwa nani?"