Mti Aliouona Mama

Fundi cherehani mmoja alikuwa na jina la utani. Aliitwa Pini, kwa sababu midomo yake haikukosa pini. Akishona, pini mdomoni. Akitaka kucheka, lazima kwanza azitoe. Mkewe naye alikuwa fundi. Cherehani zao mbili zilikaa sebuleni zikitazamana, zikilia kutwa nzima. Watu wa mtaa ule walisema, "Nguo ya Pini haina kasoro." Pini akisikia hivyo, kichwa kilimvimba kidogo. Mimi simlaumu. Sifa ni tamu.

Siku ya mkesha wa Krismasi walifunika cherehani mapema. Mama yake Pini alikuwa njiani, anakuja kula sikukuu. Ndiye aliyemfundisha Pini kushona. Sasa alikuwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili, anasubiri upasuaji. Sura za watu hakuzitambua tena. Aliona mwanga na giza tu. Krismasi iliyopita alisimama mbele ya mti wao, akasema kwa upole, "Naona mwanga, mwanangu, lakini mti siuoni." Taa zote zilikuwa zimerundikana katikati. Maneno hayo yalimkaa Pini moyoni mwaka mzima.

"Mwaka huu mama atauona mti," alimwambia mkewe. "Kuanzia chini mpaka nchani."

Walikuwa na mikanda miwili ya taa. Mmoja wa zamani, na mmoja mpya, ungali ndani ya boksi. Pini alichukua ule wa zamani, akachomeka plagi kwenye soketi. Vitaa vikawaka. Akaanza kuuzungusha kwenye mti huku unawaka. Kila alipofika kwenye tawi, alitoa pini mdomoni, akabana waya.

"Baba watoto, taa hubanwa kwa pini?" mkewe aliuliza.

"Nimebana magauni ya maharusi," Pini alijibu bila kufungua meno. "Mti utanishinda?"

Akachoma pini nyingine. Pa! Cheche ziliruka. Taa za mti zikazimika, na umeme wa nyumba nzima ukakatika. Pini alirudi nyuma, akaangukia kapu la vitambaa. Pini zikamwagika sakafuni. Bahati nzuri hakumeza hata moja.

"Umeumia?" mkewe alipiga kelele.

"Sijaumia. Nimeaibika."

Mkewe hakubishana naye. Alikwenda mlango wa pili kumwita jirani yao, fundi umeme, ambaye mtaa mzima walimwita Mama Swichi. Alikuja na bisibisi mkononi. Kwanza alizima swichi kuu. Kisha akachomoa plagi. Ndipo akaugusa waya.

"Shemeji," alisema, "nani ameushona mti huu?"

Pini alitazama sakafu. "Mimi."

"Njoo uone. Humu ndani mna nyaya mbili. Ganda hili la plastiki linazitenganisha, na linakukinga wewe. Pini yako imetoboa ganda, ikazigusa zote mbili. Hiyo ndiyo shoti. Kilichokuokoa ni hiki kichwa cha pini, kwa kuwa ni cha plastiki. Ungegusa chuma, tungekuwa tunazungumza mengine. Na cheche ingeangukia vitambaa vyako, nyumba ingeungua."

Pini alinywea. "Basi tuyazibe matundu kwa gundi ya karatasi."

"Hapana. Ganda likishatobolewa haliaminiki tena. Mkanda huu ni wa kutupa."

"Lakini mama anafika jioni hii!" Pini alilalamika. "Mkanda mmoja hautatosha. Ataona mwanga tu, kama mwaka jana."

"Utatosha ukipimwa," alisema Mama Swichi. "Au wewe si fundi?"

Neno hilo lilimwamsha.

Mama Swichi alirudisha umeme. Aliutandaza mkanda mpya sakafuni, akauchomeka. Vitaa vyote viliwaka. Akauchomoa. "Kwanza tunaujaribu chini," alisema. "Kisha tunauvalisha mti ukiwa umechomolewa. Tunaanzia chini, na upande wenye plagi, karibu na soketi. Ukianzia juu, plagi itaning'inia kileleni kama kofia."

Pini alicheka. Mdomoni hamkuwa na pini. Alichukua tepu yake ya kupimia, akapima mti, akapima na mkanda. Alipiga hesabu kama anayekata kitambaa haba. Mizunguko ya chini mipana, ya juu midogo, nafasi kati yake sawasawa. Mkewe alifunga waya kwenye matawi kwa uzi.

"Legeza, shoga yangu," Mama Swichi alimwambia. "Waya haunyongwi. Uingize ndani karibu na shina, kisha uutoe nje mpaka ncha ya tawi."

Walipomaliza, walichomeka plagi, wakarudi nyuma. "Fumbeni macho nusu, muone mwanga na giza tu," alisema Mama Swichi. Wakaona pengo la giza upande wa kushoto. Wakachomoa, wakasogeza waya, wakachomeka tena. Pengo likaisha.

"Mkitoka au mkienda kulala, chomoeni," alisema.

"Hata kwenda kumpokea mama mlangoni nachomoa?"

"Usinichokoze, shemeji."

Jua lilikuwa limezama mama alipobisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Pini alimshika mkono kumwongoza ndani. Mama alisimama ghafla. Alinyoosha kidole, akachora hewani, polepole, kutoka juu kwenda chini.

"Juu ni mwembamba," alisema. "Unashuka. Unapanuka. Chini umemwagika kama sketi ya marinda." "Kazi hii imepimwa. Nani fundi?"

Machozi yalimlengalenga Pini.

"Mwanao, mama," alijibu mkewe.

"Mwanao, mkweo na jirani yetu," Pini alisema. "Peke yangu nilitaka kuichoma nyumba."

Mama alicheka, akamshika bega mwanawe kwa fahari.

"Basi nileteeni kiti," alisema. "Nataka kutazama."