Mshono Uliotakiwa Kukatika

Saa nne asubuhi ya Jumanne, katikati ya karakana za Kariobangi, mtu alianguka kutoka ghorofa ya pili. Alikuwa amevaa ovaroli ya buluu na kofia ngumu ya njano. Nyundo zilikuwa zikigonga mabati, wachomeleaji walikuwa wameinamia cheche zao, na wauza chai walikuwa wakipenya na birika zao katikati ya watu, hivyo walioona walikuwa wachache. Aliyeona wa kwanza ni kijana mrefu aliyekuwa amekuja kununua brashi za rangi. Aliutupa mfuko wake, akakimbia mikono wazi ili amdake.

Hakumdaka. Kamba ilimzuia yule aliyeanguka hatua moja kutoka ardhini, akabembea, akampiga kijana kifuani na kumkalisha vumbini.

Msichana mmoja, Ayuma, alishuka ngazi mbilimbili. Shati lake jeupe lilikuwa limekunjwa hadi viwikoni, suruali yake ya jinzi ina vumbi la chaki magotini, na nywele amezifunga kwa kipande cha mkanda wa rangi ya chungwa.

"Umeumia?" aliuliza.

"Mimi niache. Mwangalie huyo, hapumui."

"Hajawahi kupumua. Ni gunia la mchanga, kilo themanini."

Kijana alimtazama aliyening'inia, kisha akaitazama suruali yake mwenyewe iliyotapakaa rangi. "Na amevaa kunishinda," alisema.

Ayuma alicheka hadi akashika ukuta. Ilibidi amnunulie chai, maana gunia lilikuwa lake na aibu ilikuwa yake. Kijana akasema anaitwa Githinji, fundi wa kupaka rangi majumba ya ghorofa, na kwamba kwa sasa anapaka jumba la ghorofa nane kule Komarock. Ayuma akamweleza kuwa alisomea uhandisi wa nyuzi na vitambaa Eldoret, na kwamba hata leo shangazi zake humletea vitambaa awashonee magauni ya harusi.

Kisha akamwonyesha alichokuwa akikijaribu. Ulikuwa mkanda wa poliesta wa kumfunga mtu afanyaye kazi juu. Nusu yake ilikuwa imekunjwakunjwa kama shuka lililotoka kwa dobi, na makunjo yale yakashonwa pamoja kwa safu arobaini za uzi mwembamba. Mtu akianguka, alieleza Ayuma, safu zinakatika moja baada ya nyingine, na kila inayokatika inapunguza kishindo. Kwa hiyo anafika mwisho wa kamba kama aliyeshuka ngazi, si kama aliyegonga ukuta.

Githinji aliitikia kwa kichwa kila baada ya sentensi. Baadaye sana ilikuja kujulikana kwamba hakusikia hata moja. Alikuwa akiitazama mikono ya Ayuma.

Tangu siku hiyo simu ililia kila jioni saa moja.

"Bwana Mchanga hajambo?" Githinji angeanza.

"Hajambo. Leo ameanguka mara sita na hajalalamika. Wewe ukikwaruzwa kidole unanipigia mara tatu."

"Yeye hana wa kumlilia, mpenzi. Mimi ninaye."

Jumapili walitembea Umoja, Ayuma na gauni lake la kijani na viatu vya raba, Githinji na shati alilolinyoosha mpaka likasimama lenyewe. Alikuwa mtu wa mpango. Katika chumba chake hapakuwa na picha wala kalenda, kwa sababu mwenye nyumba alikataza msumari hata mmoja ukutani, na hata taulo Githinji alilitundika kwenye kiti. Ayuma alimtania kwamba anaishi kama mtu aliyefika jana. Mwezi wa tatu tangu wajuane alimpa mkanda wa kwanza uliofaulu majaribio yote. Githinji aliuvaa hapo hapo, juu ya shati la Jumapili, akatembea nao hadi kituoni.

Kuna jambo moja Ayuma hakumwambia. Baba yake, Mzee Luseno, alikuwa mwashi. Miaka tisa iliyopita alianguka kutoka ghorofa ya tatu, kamba nzuri ya katani ikiwa kiunoni. Kamba ilimzuia kwa mkupuo mmoja. Haikukatika hata uzi. Kilichovunjika ni mgongo. Tangu hapo Mzee Luseno yuko Mumias, kwenye kiti cha magurudumu, na bintiye hapendi kuisimulia habari hiyo, kwa sababu kila akiisimulia watu huisifu kamba.

Jumamosi moja Ayuma alipeleka chakula Komarock, chapati na ndengu ndani ya kitambaa. Aliinua macho, akamwona Githinji kwenye ghorofa ya sita, akipaka ukuta huku akiimba. Mkanda ulikuwa mgongoni. Lakini juu ya rangi ya chungwa palikuwa na mistari minne minene, myeusi, ambayo yeye hakuishona.

Alimpigia simu. "Shuka," alisema.

"Nimalizie kidirisha hiki tu, mrembo."

"Githinji, shuka sasa hivi."

Alishuka akitabasamu, mafundi wenzake nyuma yake wakitaka kuona chapati. Ayuma aliugusa ule mshono mpya. Ulikuwa uzi wa viatu, uliopakwa nta, umepigwa kwa sindano nene kutoka mwisho mmoja wa makunjo hadi mwingine. Hata tembo asingeufungua. Hakuuliza swali. Alitoa mkasi mkobani, akaukata mkanda vipande viwili mbele ya wanaume kumi na wanne.

"Aliyeshona hivi alitaka kukuua," alisema.

"Aliyeshona ni Mzee Phares wa viatu, na niliyemtuma ni mimi," Githinji alijibu. Tabasamu lilikuwa limekwisha. "Msumari uliukwaruza, nyuzi mbili zikaachia. Hawa wakaanza kusema mpenzi wangu hushonea wanasesere. Niliufanya uwe imara ili wasikucheke."

"Kwa hiyo huamini kazi yangu."

"Nilikuwa nikilinda jina lako, Ayuma. Wewe umelikata langu kwa mkasi."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Githinji aliokota vipande vyote viwili, akapanda ngazi bila mkanda wowote. Chapati zilibaki juu ya matofali.

Siku kumi na moja simu haikulia. Siku tano za kwanza Ayuma alikasirika. Siku zilizofuata aliogopa, kwa sababu Mulama, msimamizi wa mjengo, alimwambia kuwa Githinji bado anapanda mikono mitupu na hataki kushauriwa. Ayuma akaona kiburi cha mtu mwingine hakiponi kwa kukiongezea chako. Akashona mkanda mpya, akaenda kumtafuta Mzee Phares, fundi wa viatu aliyekuwa na kibanda karibu na soko la Umoja.

Mzee Phares alijitetea kabla hajaulizwa. Mshono wake, alisema, umedumu katika viatu vya mpira kwa miaka thelathini.

"Ndiyo shida yake, mzee wangu," Ayuma alisema. "Njoo uone."

Alimpeleka Kariobangi. Akamvalisha Bwana Mchanga mkanda mwingine alioushona kwa uzi wa viatu, akamsukuma. Mshono haukuachia. Kamba ilikaza ghafla, gunia likapasuka kiunoni, na mchanga ukamwagika mpaka viatuni mwa Phares. Kisha akafunga gunia jingine kwa mkanda wake wa majaribio. Safu zilikatika kwa mlio kama wa kitambaa kinachopasuliwa, gunia likashuka, likatulia. Phares alivua kofia. Hapo ndipo Ayuma alimweleza habari za baba yake, yote, bila kuruka neno.

"Nipe ule mpya uliobaki," mzee alisema. "Nitampelekea mimi. Kosa lilipita mkononi mwangu."

Siku mbili baadaye, asubuhi, simu ililia. Ilikuwa namba ya Mulama.

"Madam, njoo. Fundi wako ameanguka," alisema, na laini ikakatika.

Ayuma hakukumbuka jinsi alivyopanda bodaboda. Alikumbuka tu kwamba kwenye Barabara ya Kangundo alikuwa akihesabu kwa sauti, moja hadi arobaini, kisha tena moja hadi arobaini, na mwendeshaji akidhani anasali.

Alimkuta ameketi juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, kikombe mkononi, mkate mdomoni.

"Unakula?" aliuliza. Akaketi chini mbele yake.

"Nilianguka kabla ya chai ya saa nne."

Alimwamuru asogeze vidole vya miguu. Akamgeuza, akampapasa mgongo pingili kwa pingili, wanaume wote wakitazama pembeni kwa adabu. Mgongo ulikuwa mzima. Palikuwa na michubuko mapajani na mkwaruzo wa kiwiko, basi. Ayuma aliweka paji la uso begani kwake na kulia kidogo, kilio cha mtu aliyetua mzigo.

"Ubao uliteleza," Githinji alisema. "Nilisikia nyuzi zikikatika mgongoni, nikajua nimekwisha. Halafu nikagundua ninashuka polepole. Nilikuwa na muda wa kufikiri, Ayuma. Nilifikiri: kumbe ndivyo alivyokuwa akisema siku ile kwenye chai."

"Kwa hiyo hukunisikiliza."

"Sikusikia hata neno. Nisamehe. Leo nimesikia yote." Aliuonyesha mkanda, uliokuwa umefunguka na kuning'inia kama utepe. "Nimehesabu safu. Zimekatika ishirini na sita."

"Zimebaki kumi na nne," Ayuma alisema, akipangusa macho. "Na mimi nisamehe kwa ule mkasi. Ningekueleza kwanza. Pembeni."

Mulama alikohoa, akaomba kujua kama madam anaweza kuwashonea mikanda kumi na minane. Githinji alimwambia asubiri, bado kuna shughuli.

"Mzee Phares aliniambia kuhusu baba yako," alisema kwa sauti ya chini. "Jumamosi ijayo nataka kwenda Mumias kumwamkia. Nitakwenda na mjomba wangu. Mtu haendi kwa baba wa msichana peke yake kama anayeuza sabuni."

"Baba atakuuliza unafanya kazi gani."

"Nitamwambia ninaanguka vizuri."

Ayuma alicheka na machozi bado yapo. Aliufungua mkanda kutoka mabegani mwake. "Huu nitautupa. Ukishamshika mtu mara moja, kazi yake imekwisha. Hauvaliwi tena wala haushonwi."

"Hautupwi. Nitautundika ukutani."

"Ukuta upi? Mwenye nyumba wako hataki hata msumari mmoja."

"Si kwangu."

"Kwangu hakuna nafasi."

"Wala si kwako," Githinji alisema, akamtazama bila kucheka.

Mafundi walikuwa wameacha kutafuna. Ayuma aliukunja mkanda taratibu, kunjo juu ya kunjo, akautia mkobani mwake pale mkasi ulipokuwa.

"Basi tafuta msumari mrefu," alisema.